Nyasi za Wote

Ng'ombe alianguka karibu na lango la miiba, na Nyamizi akaanza kumvuta mkia.

"Simama, bibi we! Nyasi hizo hapo, simama!"

Ng'ombe akasimama kwa taabu, miguu ikitetemeka. Ng'ambo ya lango nyasi zilifika magotini. Hiyo ndiyo ngitili, malisho ambayo kijiji kizima kiliyafunga tangu mvua zilipokata. Nje yake hapakuwa na kitu. Miti ilikwisha kufyekwa kupisha pamba, na udongo uliobaki ulikuwa ukiondoka na upepo.

Langoni alisimama mlinzi na rungu lake. Tangu asubuhi Nyamizi alikuwa ameapa kutomwita jina lingine.

"Bwana mlinzi, fungua."

"Mkutano ulisema mwezi ujao, Mama Limi."

"Limi hafiki mwezi ujao." Akageuka ili aonekane mtoto mgongoni, shingo imelegea, midomo imepasuka. "Mimi maziwa yamenikauka. Ng'ombe huyu akila leo, kesho atatoa hata kikombe. Ng'ombe mmoja tu!"

Nyuma yake nusu ya kijiji ilikuwa imesimama na mifugo yake, ikiitazama mikono ya mlinzi.

"Mwache aingie," Makoye akasema kwa sauti tamu. Yeye alikuja na kundi zima. "Ana mtoto, maskini. Nasi tutamfuata polepole."

Watu wakacheka kicheko kikavu.

"Tungegawana tangu mwanzo," akadakia Kalisti, mwenye duka kule Mhunze. "Kila mtu na kipande chake, mwenye uwezo anunue na cha mwenzake. Leo tusingekuwa tunambembeleza mtu na rungu."

"Ungevinunua vyote, kisha tuje kukuomba kibarua cha kuchunga," mlinzi akamjibu. "Nyasi ni za wote. Akiingia mmoja leo, wataingia wote leo, na mwezi ujao hapa hapatakuwa na ng'ombe wala mtu."

"Semina ya chama umeikariri!" Nyamizi akafoka. "Huo ujamaa wako una chuchu? Ulete basi nikamue!"

Mlinzi akasogea katikati ya lango.

Nyamizi akaivamia miiba kwa mikono mitupu. Aling'oa tawi, mlinzi akalirudisha. Aling'oa tena, akalirudisha tena, mpaka damu yao ikachanganyika kwenye matawi. Rungu hakuliinua. Usoni hakumtazama.

Ng'ombe akaanguka mara ya pili. Safari hii hata mkia haukusaidia. Alishusha pumzi ndefu, vumbi likaruka mbele ya pua yake, kisha halikuruka tena.

Makoye aliutazama ule mzoga, akamtazama mlinzi.

"Huyu sasa hamfungulii mtu yeyote," akanong'ona. Akaswaga kundi lake kurudi alikotoka. Wengine wakafuata mmoja mmoja, hata Kalisti.

Mlinzi akangoja mpaka mgongo wa mwisho ulipopotea vumbini. Ndipo rungu likamponyoka. Akanyoosha mikono yake iliyochanika.

"Nipe mtoto nimbebe, mke wangu."

Nyamizi hakumpa.