Pango la Mlango Mmoja

Nungunungu, mkuu wa ulinzi wa pango la wanyama wadogo, aliamini zamu. Muhanga, mlinzi wa mlango, aliamini kuchimba.

"Mzee, tuna mlango mmoja tu," Muhanga alisema. "Chatu akiingia, tutatokea wapi?"

"Hataingia, maana mlango una mlinzi. Rudi zamuni."

Muhanga hakurudi. Alizunguka nyuma ya kilima akaanza kuchimba, na chatu akaukuta mlango mtupu.

Mle ndani wanyama walibanana ukutani, watoto nyuma. Nungunungu alisimama mbele na miiba yake, akijua haitatosha. Mara ukuta ukabomoka, na Muhanga akaita, "Huku, upesi."

Walitoka wote isipokuwa Pimbi, aliyekuwa amelala karibu na mlango.

Huko nje Muhanga alingoja shukrani, Nungunungu akangoja kuombwa radhi. Mjane wa Pimbi akawatazama.

"Mmoja aliacha mlango wazi, mwingine alikataza mlango wa pili," alisema. "Nani kati yenu atawaambia wanangu?"



Walipohamia kilima kingine, Muhanga alichimba milango miwili. Zamu ya Muhanga aliishika Nungunungu mwenyewe.