Kishindo cha Harnek

Umati ulikuja kuona mtu akivunjwa, na Tilak alijua kwamba mtu huyo ni yeye. Shingo yake ilikuwa imeteguka mazoezini tangu Jumanne, lakini hakumwambia yeyote, maana mwanamieleka mgonjwa hapangiwi tena pambano. Mbele yake alisimama Harnek, jitu lililokuwa likibeba matofali kule Punjab kabla ya kuingia kwenye mieleka. Kamba ya juu ya ulingo ilimfika kiunoni.

"Mkunje kama chapati!" mama mmoja alipiga kelele, watu wakaangua kicheko.

Wanamieleka hao wawili wakakamatana. Harnek akainama, akamnong'oneza sikioni, "Mbona hugeuzi shingo, kaka?"

"Inauma. Nakuomba, usiseme."

"Basi jikunje, mengine niachie mimi."

Akamnyanyua juu ya kichwa chake. Tilak akafumba macho, na dunia ikapinduka. Mbao za ulingo zikalia kwa kishindo kilichowanyanyua watu vitini, lakini lililozipiga lilikuwa goti la Harnek mwenyewe. Tilak alitua taratibu, kama mtoto anayelazwa.

"Mnyama wee! Umemuua!" watu walizomea, na maganda ya machungwa yakaanza kurushwa.

Harnek aliwatolea meno na kunguruma, kama walivyotaka. Hakuna aliyeutazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa chini ya kisogo cha Tilak, mpana, wenye joto, na mwamuzi alipomaliza kuhesabu ulikuwa bado pale.