Mtoto wa Juu Kabisa

"Huyo anayesimama juu kabisa," Ramlati aliuliza, "anafika urefu gani?"

Zoubeda alimkunjia uso. Nusu saa nzima alikuwa akimtembeza mama huyu katika ua wake, nyuma ya soko la Volo Volo: magodoro ya sufi aliyoyashona kwa mkono wake, mtungi wa maji yaliyochemshwa, watoto kumi na wawili wakipiga pindu bila hata mmoja kuchubuka goti. Alifundisha jimnastiki Mahajanga kabla ya kurudishwa kwa ndege na Wakomoro wenzake mwaka 1977, na hakuzoea maswali ya kipuuzi.

"Hapa mnara wetu wa watoto ni ghorofa mbili. Mwanao ana miaka sita."

"Na kule kambini kwa mamluki?"

"Kule nne. Mwezi uliopita mmoja alivunjika mkono, yule Mzungu akamfokea asilie. Ndiko unakotaka kumpeleka?"

Ramlati alimshika mwanawe Kamaria mkono, wakatoka bila kuaga. Ndizo zilizokuwa adabu zake siku hizo.

Mji mzima ulikuwa na neno la kumwambia. Ulikuwa mwaka wa tano tangu mamluki waje, na kila mzazi mwenye akili alimfundisha mwanawe kuvuka barabara akiona nguo zao nyeusi. Miezi minne nyuma, baada ya swala ya alasiri, waliingia nyumbani kwa Ramlati wakawakamata wanaume tisa waliozoea kukutana hapo kuisema serikali. Wanane walitolewa pekupeku. Mumewe, Djaanfar, alisubiriwa avae viatu, na Ramlati alijivunia jambo hilo: hata mbwa wale walijua nani ni mtu. Tangu hapo hakuna barua wala maiti. Nyumba kadhaa zilikwisha kusoma hitima.

Yeye alikataa hitima, akakataa na eda. Mwanamke akikaa eda amekubali kuwa ni mjane.

Jioni hiyo alikuja mjomba wake, Abdoulkarim. Kwa desturi yao mtoto ni wa ukoo wa mama, na kauli ya mjomba haipingwi.

"Mtoto wa nyumba yetu achezeshwe na waliomuua baba yake?"

"Nani kakwambia wamemuua?"

"Unatutia aibu, Ramlati. Mutsamudu kuna timu nzuri ya shule, na dada yako Nadjati yuko huko, atamlea. Boti inaondoka Jumamosi. Kichaa chako baki nacho, mtoto nitamchukua."

Ramlati alimchukia wakati ule kuliko alivyowachukia mamluki. Lakini hakubishana. Ilikuwa Jumatatu, na siku alizobakiwa nazo zilimtosha.

Hakuna aliyejua alichokuwa anatafuta. Kiwanja cha mazoezi cha kambi kilipakana na jela, na ukuta wa katikati ulipita kimo cha watu wawili. Mtoto wa ghorofa ya pili au ya tatu angeona mawe matupu. Wa ghorofa ya nne angeona ua wote wa wafungwa.

Asubuhi ya pili yake alimpeleka. Mzungu mwenye shingo nyekundu alimnyanyua Kamaria kwapani kama anayepima mbuzi.

"Mwepesi," alisema. "Haogopi?"

"Haogopi," Ramlati alijibu, huku akimvuta mbele mtoto aliyejificha nyuma yake.

Jumanne na Jumatano Kamaria aliwekwa ghorofa ya tatu. Alhamisi, wakirudi nyumbani, Moinaidi aliwakuta njiani. Mumewe alikuwa mmoja wa wale wanane. Alitema mate miguuni pa Ramlati.

"Bado unawachekea? Wauzie na mifupa ya mumeo basi!"

Ramlati alitamani kumwambia, "Na mumeo pia namtafuta," lakini neno likivuja tu, mtoto asingepandishwa tena. Akapita.

Usiku kabla ya kulala alimwambia Kamaria maneno yale yale ya kila siku. "Ukifika juu usinitazame mimi. Usitazame chini. Tazama ng'ambo ya ukuta, ukumbuke kila unachokiona. Usimwambie mtu ila mimi."

Ijumaa asubuhi Mzungu alimnyooshea kidole Kamaria, kisha akaonyesha juu. Ramlati alishika chuma cha lango. Mtoto alikanyaga mapaja, akakanyaga mabega, akasimama. Walimpandisha mara tatu, na kila mara alibaki juu mpaka filimbi ilipolia. Mara ya tatu alisahau kuinua mikono, Mzungu akamtukana kwa Kifaransa.

Alipoachiliwa alikuja mbio. Ramlati alipiga magoti, akajifanya kumfuta jasho.

"Umemwona nani?"

"Baba."

Ramlati aliuma ncha ya shiromani aliyojitanda asipige kelele. "Mzima?"

"Mzima. Na mume wa ma Moinaidi yuko, na wale wengine. Wamekonda sana."

Wote tisa! Ramlati alilia huku anacheka, na hakujali nani anamwona. Mjomba angekula maneno yake, Moinaidi angemwomba radhi mbele ya watu.

"Na baba alikuwa anafanya nini, mwanangu?"

"Aliwafungulia mlango, wakatoka kuota jua."

"Halafu?"

"Halafu akawarudisha ndani," Kamaria alisema, "akafunga, akatia funguo mfukoni."