Mafuta ya Kipaimara

Cornelia alipomimina mafuta ya alizeti juu ya chai ya rangi iliyopoa, hakujiuliza yalikuwa ya shughuli gani. Hamu yake ilikuwa moja tu, baba mkwe akubali arudi chuoni kusomea bahari.

"Bahari yenyewe iko wapi hapa Sumbawanga?" mzee alikuwa amemuuliza. "Na hayo mawimbi ya chini kwa chini, nani kayaona?"

Basi akaliinamisha jagi la kioo polepole. "Tazama, baba. Juu pametulia. Wimbi liko ndani, pale chai inapokutana na mafuta."

Kweli, juu palikuwa shwari kama uji uliopoa, na chini yake mgongo mweusi wa chai ulipanda na kushuka bila haraka.

"Sasa likikutana na maji yanayozunguka," akasema, akakoroga kwa kijiko, "linanaswa, linapindwa, linavunjika." Chai ikatawanyika matone matone. Mzee akavuta kiti karibu.

Ndipo mama mkwe akatokea mlangoni. Akayatazama mafuta yake, aliyoyaficha uvunguni kwa mapishi ya sherehe ya kipaimara kesho. Uso haukukunjamana hata kidogo.

"Hongera, mwanangu," akasema kwa upole. "Endeleeni tu na masomo." Akaingia jikoni, akaufunga mlango taratibu.

Mzee akaliangalia jagi, akauangalia mlango, kisha akachukua kofia yake.

"Mwanangu," akanong'ona, "wimbi likishaanza huko ndani, huchukua muda gani kufika juu?"