Uso wa Jikoni Testaccio

"Mkimwondoa Oriana, na mimi naondoka," alisema Ermete, mpiga kamera, akaanza kukunja nyaya zake mbele ya waigizaji wote.

Bwana Fulvio, mtayarishaji wa filamu ile, alicheka. "Ermete, ndugu yangu, mjane wa hadithi hii lazima watu wampende. Oriana ana miaka hamsini na minane. Taa inaangaza, haifufui!"

Ermete Zorzan hakuwa na tabia ya kususa. Alizaliwa kwenye vinamasi vya mto Po, mtoto wa fundi wa kupaka chokaa, na huko ndiko alikojifunza kwamba ukuta mweupe humwangaza mtu vizuri kuliko taa. Roma alibeba nyaya miaka saba kabla ya kuruhusiwa kugusa kamera. Sasa alikuwa amepiga filamu arobaini na tatu, kumi na moja kati ya hizo akiwa na Oriana Delvai, na hakuna mara hata moja aliyojutia.

"Nipe asubuhi moja," alisema. "Nitakuletea uso wa mwanamke mtu mzima. Usipoupenda, mlete msichana umtakaye badala ya Oriana."

"Moja tu, basi!"

Kesho yake, katika jiko dogo la mtaa wa Testaccio, Ermete alitundika shuka mkabala na dirisha. Jua likagonga shuka, likarudi laini kama maziwa. Mama aliyeketi pale alikuwa akiambua maharage mabichi kwa hasira.

"Eti mwanamke akishazeeka hatazamiki? Fulvio kasema hivyo?"

"Kasema."

"Punda yule! Miaka kumi na tisa namvumilia."

"Vua kitambaa, mama. Nywele ziache zilivyo."

"Nywele hizi hakuna mwanamume aliyeziona tangu marehemu aondoke. Haya, fanya upesi, mchuzi uko motoni."

Ermete akasogeza kamera mpaka ukabaki uso peke yake. Hakumwambia atabasamu. Alingoja tu. Mara yule mama akakumbuka jambo lake la zamani, akacheka kidogo, na Ermete akakinasa kicheko hicho.

Jumatano picha ikaoneshwa, bila sauti. Fulvio alikaa mstari wa mbele na sigara yake. Haikupita dakika moja, sigara ikamuunguza vidole.

"Lo! Rudisha mwanzo."

Ikarudishwa. Akaitazama mara tatu. Mara ya tatu alitoa leso.

"Nilikuwa kipofu," alisema. "Kwa mwanga huu karibu nisimtambue Oriana! Ningekuwa sina mke, ningemposa leo hii! Leteni mkataba wa Oriana."

Akautia saini palepale, juu ya goti, bila hata kuusoma. "Mpigieni simu. Mwambieni Fulvio anaomba radhi kwa magoti, na kwamba asubuhi ile alikuwa mzuri kuliko siku zote."

"Oriana alikataa kuja," alisema Ermete, akiupuliza wino ukauke. "Alisema yeye si jibini aonjwe kwanza ndipo anunuliwe."

Fulvio akageuka kulitazama pazia la picha, kisha akamgeukia Ermete. "Sasa huyu niliyemlilia ni nani?"

Ermete alikunja mkataba, akautia mfukoni na kufunga kifungo.

"Mama mkwe wako."