Somo la Chumba cha Vioo

"Tena! Wote kwa pamoja!"

Sauti za mafundi sita wageni zikapenya ukuta wa kioo: sentensi ile ile, kwa lugha ya kwao. Nje, waandishi wa programu za kompyuta walikunja nyuso. Ijumaa ndiyo mwisho wao kazini. Wageni wakishaijua kazi, watakalia viti vyao kwa nusu ya mshahara.

Mwalimu wa wageni alikuwa Bi Mkubwa, jina alilopewa kwa mvi zake. Naye pia alikuwa anaachishwa kazi. Alizaliwa huko huko walikotoka wageni, akahamia hapa zamani, na meneja alimchagua kwa sababu hiyo. "Waeleze kwa lugha yao, waelewe upesi."

Alipotoka kufuata chai, kijana wa meza ya jirani, waliyemwita Waya, alimzibia njia.

"Bi Mkubwa, unamwonyesha mwizi mlango wa jikoni, tena unamshikia taa?"

"Kikombe changu kiko wapi?"

"Damu nzito kuliko maji, siyo?"

"Mwanangu, hata maji yakichemka yanababua. Nipishe, wanafunzi wangu wananingoja."

Meneja hakuacha kuchungulia, mikono mfukoni, meno yote nje. Sentensi ile ilishamkaa mdomoni, akawa anaiimba mpaka kwenye ngazi.

"Hivi maana yake nini?" aliuliza siku moja.

"Ndiyo msingi wa kazi, bosi. Bila hiyo hawaanzi."

Ijumaa akaja mwenye kampuni, mikataba ya wageni ikapangwa mezani, kila mmoja na kalamu yake. Meneja alivaa suti iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alitaka kung'ara. Akasafisha koo, akaitamka sentensi nzima kwa lugha ya wageni, bila kukwama popote.

Wageni wakasimama wima, wakampigia makofi. Kisha wakairudia kwa sauti moja, wakaziacha kalamu pale pale zilipokuwa.

"Safi sana!" alisema mwenye kampuni. "Inasemaje?"

Meneja akamgeukia Bi Mkubwa, aliyekuwa anapangusa kikombe chake chenye mkono uliovunjika, hana haraka.

"Inasema: 'Tulipe kama unavyomlipa aliyetufundisha, na yeye na wenzake wabaki vitini mwao, la sivyo tunarudi kwetu leo hii.'"