Chumba cha Mbele

Valeria alibisha hodi, akasubiri kukaribishwa, kisha akakumbuka kwamba chumbani hamna mtu. Mpangaji wa mwisho alikuwa ameondoka asubuhi hiyo na masanduku yake.

Kitasa cha shaba kilikuwa cha baridi. Alikishika muda mrefu kabla ya kukizungusha.

Kwa miaka kumi na moja, yeye na mumewe walilala kwenye kijichumba cha nyuma, ili kodi ya chumba hiki kikubwa cha ghorofani iharakishe kulipa mkopo wa nyumba. Mishahara yao iliwapeleka Moshi kila Krismasi, ikawachezesha dansi kila Jumamosi. Jirani zao wa Thornton Heath, kusini mwa London, waliwasema sana: watu wa starehe namna hii, deni watalimaliza lini?

Walikuwa wamelimaliza jana.

Wapangaji wote, kuanzia yule waliyemkuta humo waliponunua nyumba, walikuwa manesi wa zamu ya usiku, kwa hiyo pazia halikuwahi kufunguliwa mchana. Valeria alilivuta.

Mapaa ya nyumba yaliteremka kilima, yakapokelewa na miti, na mbele ya miti ikatandazwa London nzima, minara yake iking'aa juani kana kwamba imeoshwa sasa hivi.

Akashika ukingo wa dirisha.

"Baba Elinaja," alimwita mumewe kwa sauti ndogo. "Njoo uone. Kumbe vyote hivi vilikuwa hapa hapa?"

Mumewe alitokea mlangoni, akatazama. Akavua ndala zake, akaingia akinyata, kana kwamba bado kuna nesi amelala.